Picha Ambayo Mama Alikataa Kuikalia

Katika karakana ile, kochi halitoki mlangoni mpaka Mama alikalie. Nimeshinda katika karakana za makochi za miji mingi, kwa sababu ni mahali pazuri pa kusubiri mvua ipite na mafundi wake wanapenda kuongea huku mikono ikienda, na kila moja ina njia yake ya kujua kama kazi imekwisha. Kuna wanaogonga fremu na kutega sikio. Kuna wanaolipindua kochi na kulichungulia kwa tochi kama daktari wa meno. Hapa wanamwita Mama. Anatoka chumba cha nyuma anakokata vitambaa, anaweka mkasi mfukoni, anageuka taratibu kulipa kochi mgongo, kisha anajiachia mwili wote kwa mpigo.

Mama ni mtu wa mwili. Haufichi wala hauombei radhi. Akikaa, karakana nzima inanyamaza. Kochi likilia, linarudi mezani. Likinyamaza, anazungusha nyonga kulia na kushoto kutafuta mahali sufi ilipolegea, anaweka kidole, anasema, "Hapa pana shimo," na binti yake anakuja na sindano ndefu kuongeza mshono. Wateja wanaijua shughuli hiyo. Wengine huuliza kwenye simu kabla ya kuja kuchukua: "Mama amekaa?" Wakiambiwa bado, hawaji.

Binti huyo ndiye Sindano. Jina alipewa na mjomba wake, mwenye karakana, kwa ajili ya kazi yake na pia kwa ajili ya umbo lake. "Mama godoro, mtoto sindano," mjomba huwaambia wageni. "Mpaka leo sijui dada yangu alimzaa huyu au alimchongesha." Sindano huwa hajibu. Ana mdomo umejaa misumari midogo saa zote za kazi, na hiyo, anasema, ndiyo siri ya kuishi vizuri na mjomba.

Ukuta wa karakana ulikuwa na baka la unyevu, na ni hilo baka lililomfanya Sindano kuwa msanii. Rangi ilishindwa, kalenda zilioza. Siku moja akachukua mabaki ya vitambaa vya makochi, hudhurungi za kila aina na kipande cha mahameli iliyochakaa, akashona sura ya dobi wa jirani, akaijaza sufi kwa nyuma kama mto, akaitundika juu ya baka. Pua ilitoka mbele. Mashavu yalivimba kama ya mtu anayepuliza makaa. Dobi alipokuja kuleta mashuka alisimama pale na furushi kichwani, akajibonyeza shavu, akalibonyeza na lile la ukutani, akasema, "Mimi ni laini hivi?" Baada yake wakafuata muuguzi wa zahanati, kinyozi, mjomba mwenyewe, na mwisho Mama, picha kubwa kuliko zote, pana kama mlango wa kabati. Mjomba aliziita "vile vichwa". Lakini cha kwake alikipangusa vumbi kila Ijumaa.

Mama Kiti ndiye aliyezipeleka mbali. Alikuwa mgeni aliyekuja kufanya kazi mjini kwa muda, akaleta kiti kimoja cha zamani kifunikwe upya, akakifuatilia siku hadi siku kama mtu aliyelaza mgonjwa, ndiyo maana wakambatiza hivyo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga lakini hakuogopa kukitumia. Siku ya kuchukua kiti alikisahau palepale. Alikuwa ameganda mbele ya dobi. Kwao, kumbe, alikuwa msimamizi wa nyumba ya maonyesho, na aliporudi huko alimwita Sindano na picha zake tano.

Sindano hakujua picha huandaliwaje kwa safari. Alijua kochi linavyoandaliwa. Akazishusha zote sakafuni, akamwita Mama.

Mama alimkalia dobi, hana tatizo. Alimkalia muuguzi, akapata shimo chini ya jicho, likashonwa. Kinyozi akapita. Alipofika kwa mjomba, mjomba alikuwa amesimama pembeni kashika kikombe cha chai.

"Taratibu, dada. Hiyo ni pua yangu."

"Nimeiangalia pua yako miaka yote hii na haijawahi kunifaa. Leo angalau nitaipumzikia."

Kisha ikaja zamu ya picha ya tano. Mama aliizunguka, akaitazama usoni, akarudi nyuma.

"Hii siikalii."

"Mama, ni sufi tu."

"Sufi yenye macho yangu. Nijikalie usoni mwenyewe, nina wazimu?"

Sindano alibembeleza. Aliahidi kuifunika shuka. Mama akasema shuka ndiyo mbaya zaidi, wanaofunikwa shuka usoni wanajulikana. Akageukiwa mjomba, lakini mjomba ni mifupa mitupu, angetoboa kitambaa. Sindano mwenyewe akikaa ni kama nzi katua. Na fundi mwingine yeyote mle ndani, hata umwahidi nini, asingeweka makalio yake juu ya uso wa Mama huku Mama anamtazama. Kwa hiyo picha ya tano ilifungwa kwenye sanduku bila kukaliwa, kazi pekee ya karakana ile iliyowahi kuondoka hivyo.

Siku ya kuagana Mama hakulia. Alimvuta binti yake kola, akamwambia: "Mimi sijawahi kupanda ndege. Sasa sura yangu inatangulia, mwili unabaki huku unakata vitambaa. Sina neno. Ila usije ukanitundika huko nimekonda, wakasema tulikotoka hatuli."

"Nani akukondeshe wewe, Mama?"

"Nimesema tu."

Nilikuwa naishi katika mji ule wa maonyesho mwaka huo, kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha moja, na Mama Kiti, tuliyefahamiana kule karakana, aliniomba nimsaidie mgeni wake kwa lugha. Nikampokea Sindano kituoni. Alikuwa amevaa makoti mawili, lake na la mjomba, na mkononi alibana mfuko mdogo wa turubai wenye vifaa vyake. Njia nzima alitazama viti. Viti vya treni alivibonyeza na kutikisa kichwa. Kwenye mkahawa tuliposimama kunywa chai, alipitisha mkono chini ya benchi tulilokalia, akaninong'oneza, "Gundi tupu, kaka. Hakuna hata mshono mmoja."

Nyumba ya maonyesho ilikuwa ghala la viatu zamani. Ukumbi wake sasa ni mweupe kabisa, na nyuma kuna chumba cha kufungulia mizigo, chenye meza ndefu na glavu nyeupe zimepangwa. Masanduku yalifunguliwa kesho yake asubuhi, siku moja kabla ya wageni waalikwa kufika. Dobi akatoka mzima. Muuguzi, kinyozi na mjomba wakatoka wazima, wamechoka kidogo kama watu waliolala kwenye basi. Kisha wakafunua karatasi ya picha ya tano.

Sufi yote ilikuwa imeshuka. Haikuwa imebanwa na uzito wa mtu, wala mashimo yake hayakuwahi kutafutwa, na tikisa-tikisa ya safari ilikuwa imeikusanya chini. Mashavu yalikuwa matupu, kitambaa kimening'inia kwa mikunjo. Macho yameingia ndani. Kidevu peke yake ndicho kilichobaki kimevimba. Alikuwa bibi kizee aliyeugua muda mrefu, anayekutazama bila kutaka kitu tena.

Sindano aliweka mkono mdomoni. "Mama yangu," akasema, na hakuwa anashangaa. Alikuwa anamtaja.

Mama Kiti alikaribia. Alichuchumaa mbele ya ile picha, akainuka, akasogea mbali, akarudi. Aliposema, sauti yake ilikuwa chini.

"Hii. Hii ndiyo ya katikati. Ukuta mkubwa, peke yake."

"Hii imeharibika," Sindano akasema.

"Hapana. Nyingine ni nzuri, zinachekesha, watu watazipenda. Hii watu watalia mbele yake."

"Na mama atalia nyuma yake. Nipe ruhusa niifungue, niijaze."

Mama Kiti alikaa kwenye kona ya sanduku. Hakuwa mtu mbaya, na wala hakuwa na haraka ya kushinda. Alieleza, nusu kwa Kiswahili chake na nusu kupitia kwangu, kwamba kazi ikishapokelewa pale haiguswi bila glavu, na haifunguliwi kabisa, mpaka iondolewe kwanza kwenye maonyesho. Alieleza pia kwamba ukuta wa katikati ndio ambao waandishi wa magazeti huuandika, ndio unaomfanya mtu aitwe tena, mji mwingine, nchi nyingine. Anayeanza hupewa ukuta huo mara chache sana. "Fikiri," akamwambia. "Nenda tembea. Mimi nasubiri."

Tukatoka. Nyuma ya ghala kulikuwa na ngazi za zege zinazoteremka kwenye uwanja wa baiskeli, na jua jembamba. Sindano akakaa kwenye ngazi, akavua koti la mjomba, akalikunja, akalikalia.

"Mama yako si lazima ajue," nikasema. Nilisema kwa sababu ndilo lililokuwa hewani.

"Asingejua. Nitampigia picha ile ya mjomba, nitamwambia yake simu ilikataa." Akaisugua ngazi kwa kidole. "Unajua kinachoniuma, kaka? Ni nzuri kweli."

Sikutegemea hilo.

"Ni nzuri kuliko zote," akaendelea. "Ningeiona kwa mtu mwingine ningelia mimi mwenyewe. Nimekaa nayo mezani miezi, nikaweka kila shavu kwa mkono wangu, sikuweza kutengeneza kitu kama kile. Gari limetikisika, imejitengeneza."

"Sasa?"

"Sasa si yeye. Mama hajawahi kuhurumiwa na mtu. Baba alipoondoka, majirani walikuja kumpa pole, akawakalisha kwenye kochi la mteja akawauliza kama linalia." Akacheka kidogo kwa pua. "Ukimtundika pale, watu wageni watamwonea huruma kutwa nzima mpaka maonyesho yafungwe, na yeye hayupo wa kujitetea. Atajitetea vipi? Ni kitambaa."

Mtu mmoja akaja kuchukua baiskeli yake, akatusalimu, akaondoka. Sindano akainuka, akakung'uta koti la mjomba, akalivaa juu ya lake.

Tulimkuta Mama Kiti palepale juu ya sanduku.

"Nataka kuifungua," Sindano akamwambia.

"Nitaitoa katikati."

"Itoe."

"Na siwezi kukuahidi ukuta mwingine. Kuta zimeshagawiwa."

"Nitundikie mlangoni. Nitundikie chooni. Mimi nataka Mama awe na mashavu."

Mama Kiti akamtazama, akapumua, akasogeza glavu kando ya meza. "Basi kuanzia sasa haijapokelewa. Ni mto tu mpaka uitundike."

Ile kazi nitaikumbuka. Sindano aliilaza picha kifudifudi juu ya meza, akafumua mshono wa nyuma, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alitoa sufi ya kidevuni donge kwa donge, akaichambua kwa vidole mpaka ikawa nyepesi tena, akairudisha juu, akiisukuma kwa sindano ndefu mpaka pembezoni mwa jicho. Hakuwa na misumari mdomoni siku hiyo, kwa hiyo aliongea, ila aliongea na picha. "Tulia. Geuka. Hapa ulikuwa na nyama, unakumbuka?" Sufi iliruka chumba kizima, ikatoka chini ya mlango, ikaelea koridoni, na ndiyo iliyomleta mlinzi.

Mlinzi wa nyumba ile alikuwa jitu. Alijaza mlango, akauliza kwa lugha yao kama kuna mto umepasuka. Sindano aliinua kichwa, akamtazama kuanzia mabegani kushuka chini, jicho la fundi.

"Kaka, muulize ana kilo ngapi."

"Siwezi kumuuliza mtu asiyenijua swali hilo."

"Basi usimuulize. Mwambie akae."

Nikamtafsiria. Nikamtafsiria tena, kwa sababu mara ya kwanza alidhani ninamwonyesha kiti. Tangu nyumba ile ifunguliwe kazi yake ilikuwa moja, kuwaambia watu wasiguse, na sasa alikuwa anaombwa akalie. Akamgeukia Mama Kiti kumwomba msaada.

"Ni mto," Mama Kiti akamwambia, akijikanda paji la uso. "Kwa sasa ni mto."

Tukaiteremsha sakafuni, tukatandika shuka safi juu yake. Mlinzi akavua mkanda wenye funguo na redio, akauweka mezani kwa adabu. Akaniuliza, "Huyu ni nani?"

"Mama yake."

"Yuko hai?"

"Mzima kabisa. Kazi yake ni hii unayotaka kuifanya."

Nikamweleza habari za karakana, na nilipofika kwa wateja wanaouliza kwenye simu, akaanza kucheka tumbo zima likitikisika. Akageuka, akaipa picha mgongo, akajiachia. Sindano alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, sikio karibu na kitambaa.

"Azungushe nyonga."

"Azungushe nini?"

"Kaka, tafsiri."

Alizungusha. Kwanza kwa aibu, kisha kama mtu anayetafuta usingizi kwenye kitanda cha ugenini. Akakoma ghafla upande wa kulia, akarudi, akabonyeza kidole pembeni yake. Alichosema hakikuhitaji mkalimani. Sindano akapeleka mkono pale, akakuta pamelegea, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni akacheka kwa sauti. Akapiga mishono mitatu. Mlinzi akakaa tena. Walipata shimo lingine karibu na sikio, na la mwisho juu ya mdomo, na ilipofika saa ya mlinzi kubadilishana zamu, alikataa kuondoka mpaka shavu la kushoto liishe. Alipoinuka kabisa aliinamia ile picha iliyofunikwa shuka, akasema neno moja la kwao, pole au samahani, ni vigumu kulipima.

Sindano akavuta shuka. Mama alikuwepo. Mashavu yamejaa, kidevu kimerudi mahali pake, na mdomo ule wa kutaka kusema kitu kuhusu pua ya mtu.

Wageni walikuja kesho yake mchana, wengi kuliko nilivyotegemea. Ukuta wa katikati alipewa dobi. Watu walimzunguka, wakacheka, wakanyamaza, wakasoma maelezo, wakamtazama tena. Muuguzi, kinyozi na mjomba wakapata watu wao. Mama alikuwa kwenye ukuta mwembamba kando ya mlango, pembeni ya sehemu ya kutundikia makoti, na mlinzi alisimama karibu naye zaidi ya ilivyohitajika. Kila aliyeingia alivua koti akimtazama. Wengi, bila kujua wanafanya nini, walimwinamishia kichwa.

Mama Kiti alikuja kusimama na Sindano pale mlangoni, kikombe mkononi.

"Bado naipenda ile ya jana," akasema.

"Najua."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Wakasimama bega kwa bega wakiwaangalia watu wanavyopigana na mikono ya makoti. Hakuna aliyemwita Sindano mji mwingine mchana ule. Bwana mmoja alimuuliza kama anaweza kumtengenezea kochi, akasema anaweza.

Baadaye kidogo tukatoka kwenye ngazi za nyuma, akapiga simu nyumbani, akaweka sauti nje ili nami nisikie. Nyundo zilisikika, kisha zikakoma. Karakana nzima ilikuwa imeisogelea simu.

"Mama, nimefungua."

"Nimefika salama?"

"Ulifika umelegea kidogo. Nimekujaza. Kuna mtu amekukalia."

"Mtu gani?"

"Mlinzi. Ana mwili kama wako, labda kukuzidi."

"Wa kunizidi hayupo. Alikaa vizuri?"

"Alipata mashimo matatu."

"Matatu," Mama akasema, na ilisikika wazi kwamba angepata manne. "Na sasa nikoje?"

"Umenenepa, Mama."

"Shavu la kushoto?"

"Limejaa."

Akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. "Niko wapi hapo ndani?"

Sindano akanitazama. "Mlangoni. Kwenye makoti."

"Na katikati ni nani?"

"Dobi."

Kule nyuma mjomba alipasuka kicheko, mtu akamwambia anyamaze. Mama alifikiri.

"Mlangoni ndipo anaposimama mwenye shughuli," akasema. "Kila mtu lazima anipite mimi kwanza. Sivyo?"

"Ndivyo. Na wanakuinamia."

"Basi. Ila hilo la dobi lisitoke kwenye simu hii. Unasikia, mwanangu? Na nyie hapa mmesikia. Akijua tu, mashuka yetu hatufui tena kwa bei ile."